Kutembea Bila Kuongea

Machi 3
Mtaalamu wa viungo pale kliniki amenipa kijitabu chenye safu tatu: tarehe, mahali ulipoanguka, ulikuwa unafanya nini. Nikijaze mpaka mvua ziishe, kama miezi mitatu, kisha nimrudishie. Safu ya tatu ina upana wa kidole gumba. Nimefundisha lugha miaka ishirini na mmoja na sijawahi kueleza jambo lolote katika upana wa kidole gumba. Nimetoa daftari jipya kabatini, na humu nitaandika yatakayobaki.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita MS. Kinga ya mwili wangu, badala ya kupambana na maadui wa nje, inatafuna ganda linalofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Mume wangu anauita Emesi, kama jina la shangazi aliyekuja kukaa wiki moja na sasa ana mwaka wa nne. "Emesi kaamkaje leo?" huniuliza asubuhi. Leo nimemjibu kwamba kaamka na kisirani.

Machi 5
Sijaanguka.

Machi 6
Sijaanguka. Mvua ya kwanza imenyesha, ya kurashia tu.

Machi 9
Nimeanguka. Mahali: kona ya duka la dawa. Nilikuwa nafanya nini: natembea na mume wangu.

Hayo ndiyo yaliyoingia kwenye kijitabu. Humu nieleze vizuri. Mume wangu ni kinyozi. Wateja wanamwita Redio, kwa sababu ukikaa kwenye kiti chake habari zinaanza unapofungwa kitambaa shingoni na haziishi mpaka umepakwa poda. Kila siku ya shule, saa kumi na nusu, anamwachia mwenzake wa dukani kazi na kuja kunisubiri langoni, na tunarudi nyumbani kwa miguu. Ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Tunapita kwa fundi baiskeli, duka la dawa, daraja la mfereji, ngazi kumi na nane, halafu kilima. Huu ni mwaka wa ishirini na moja.

Jambo ambalo wateja wake hawalijui ni kwamba nyumbani Redio haongei. Anakula, anasoma gazeti, anakaza bawaba za kabati ambazo hazijalegea. Ya maana yote ameniambia njiani, macho yake yakiwa mbele. Aliniposa kwenye daraja la mfereji bila kupunguza mwendo, nikadhani anasimulia ya mtu mwingine. Kifo cha mama yake alinieleza kwenye ngazi, kila ngazi na sentensi yake. Hata jina la binti yetu tulilipata kati ya duka la dawa na kwa fundi baiskeli. Tukiketi tukatazamana, wote wawili tunakuwa kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta.

Leo alikuwa ananisimulia habari za mteja aliyenyolewa nusu kichwa, akasimamisha kazi ili ampigie mkewe simu amuulize kama waendelee. Nilicheka. Nikataka kuuliza mke alijibu nini, na mguu wa kulia haukuinuka. Nikajikuta nimeketi ndani ya dimbwi.

"Mke alisemaje?" nikauliza nikiwa palepale chini.

Alikuwa ananiinua, na midomo ilikuwa imemkauka.

Machi 13
Nimeanguka. Darasani, kidato cha pili, kati ya dawati la tatu na la nne. Nilikuwa nasoma imla.

Imla naisoma nikitembea, sijui namna nyingine. Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Rudia, mwalimu." Nikaitafuta ile sentensi kichwani, nayo ikachelewa kuja, na nilipokuwa naitafuta mguu ukanasa kwenye mkanda wa mfuko. Watoto arobaini walisimama kwa pamoja. Sikutaka wanione nikiona aibu, kwa hiyo nikawaambia kutoka sakafuni, "Nukta. Aya mpya." Wakaketi wakaandika.

Machi 17
Kliniki. Mume wangu alifunga duka tukaenda wote.

Mtaalamu wa viungo, binti mdogo mwenye sauti ya mtu mzima, alinitembeza juu ya mstari wa utepe uliobandikwa sakafuni. Nilitembea vizuri, hata nikajisifu. Akaniambia nirudie, safari hii nikihesabu kurudi nyuma kutoka mia, tatu tatu. Mia, tisini na saba, tisini na nne. Pale kwenye tisini na nne nilisimama, na nilipotaka kugeuka nikayumba mpaka akanidaka. Kisha akanipa karatasi yenye alama ngeni, kila alama na namba yake, nizilinganishe kwa dakika moja na nusu. Mwaka jana nilifikisha hamsini na moja. Leo thelathini na nane. Sikukosea hata moja. Muda tu ndio uliokwisha.

Daktari wa neva alituwekea picha ya ubongo wangu kwenye skrini, ile ya mwaka jana na ile ya mwezi uliopita. Madoa meupe yameongezeka. Ubongo wenyewe umepungua unene, kidogo sana, alisema, kiasi ambacho nisingekiona bila yeye kunionyesha. Nilikiona. Akaeleza kwamba kwa watu wengi miguu hujiendea yenyewe. Kwangu kutembea sasa kunadai akili, na kuongea kunadai akili hiyohiyo, na haitoshi kuzigawia kazi zote mbili.

"Kwa hiyo, mama," akasema yule binti, "ukitembea, tembea tu. Ukitaka kuongea, simama au keti."

"Na kufikiri je?"

Akacheka, akidhani natania. Mume wangu hakucheka. Alikuwa ananakili agizo nyuma ya kadi yangu ya kliniki, kwa herufi kubwa.

Machi 18
Sijaanguka. Tumerudi nyumbani kimya. Kwenye daraja nilifungua mdomo, akaweka kidole juu ya midomo yake mwenyewe, kwa upole, kama mtu aliyemlaza mtoto.

Machi 19
Sijaanguka.

Machi 24
Sijaanguka. Mvua kubwa.

Baada ya chakula nilimwambia tuongee, maana sasa tumeketi na hakuna atakayeanguka kutoka kwenye kochi. Akazima televisheni. Akageuza kiti anitazame, akaweka mikono magotini.

"Haya," akasema.

"Haya."

"Shule inaendeleaje?"

"Inaendelea. Na duka?"

"Duka lipo."

Tulitazamana. Ana macho mazuri, na siku nyingi sikuwa nimeyaona kwa muda mrefu namna ile. Lakini alikaa kama mtu anayehojiwa kwa ajili ya kazi asiyoitaka, na mimi nikawa mhoji. Baada ya dakika tano akasema anadhani bawaba ya kabati imelegea.

Machi 29
Nimeanguka bafuni. Nilikuwa najaribu kukumbuka kama nimezima jiko.

Aprili 2
Sijaanguka. Hatujaongea.

Aprili 3
Sijaanguka. Hatujaongea. Mvua.

Aprili 8
Tumejaribu kusimama. Lilikuwa wazo langu: tufike kwa fundi baiskeli, tusimame chini ya bati lake, tuongee, tuendelee. Miguu yangu inachoka zaidi ikisimama kuliko ikitembea, hiyo ni kanuni ya Emesi. Nikaegemea ukuta. Redio naye akasimama mbele yangu akitazama spoku za baiskeli. Alisema mvua ni nyingi mwaka huu. Fundi akakubaliana naye, wakaongea wao wawili juu ya breki.

Nadhani ulimi wake unaendeshwa na nyayo zake. Dukani anakizunguka kiti cha mteja siku nzima, hatua mbele, hatua nyuma, ndiyo maana maneno yanakuja.

Aprili 9
Sijaanguka. Hatujaongea.

Aprili 15
Sijaanguka.

Nina hamu na mume wangu. Naandika hivyo nikiwa nasikia anavyosukutua bafuni, hatua nane kutoka hapa. Nina hamu na sauti yake ikitoka upande wa kushoto, na kiwiko chake kikinigusa kila akifika mahali pa kuchekesha. Nina hamu ya kujua yule mteja wa nusu kichwa alirudije nyumbani. Nikimuuliza tukiwa mezani atanijibu kwa maneno matatu, na maneno matatu siyataki.

Aprili 20
Sijaanguka. Binti yetu kapiga simu kutoka chuoni. "Baba haongei sana siku hizi," akasema. "Mmegombana?" Nikamwambia hapana, tunafuata agizo la daktari.

Aprili 27
Sijaanguka. Njia yote leo alikuwa na kitu mdomoni. Namjua: shingo inakaza, anameza mate, anatazama miti. Tulipofika ngazini nikadhani kitamtoka. Akanishika mkono, tukapanda ngazi kumi na nane, na hakikutoka.

Mei 2
Sijaanguka, ingawa nina kila sababu.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini baada ya kipindi cha tatu. Ni mwanamke wa haki, tulianza kazi mwaka mmoja. Alinikaribisha kiti, akafunga mlango.

"Dada yangu, lile suala la maktaba nimelipeleka kwenye bodi. Wanaweza kukupa kuanzia muhula ujao. Utaketi, hakuna kuzunguka madarasani."

"Suala gani la maktaba?"

Akanitazama, kisha akaitazama kalamu yake. "Mumeo alikuja mwezi uliopita. Aliketi hapohapo ulipoketi, robo saa nzima. Aliniomba nikutoe darasani kabla hujavunjika. Mimi nilidhani mmeshauriana."

Nilimwambia tutashauriana. Nikatoka nikishika ukuta.

Miaka ishirini na mmoja nimesimama mbele ya watoto. Hiyo ni kazi yangu, na aliyekwenda kuitoa si Emesi, ni mume wangu. Lakini kilichonichoma zaidi naona haya kukiandika. Alimweleza mwanamke mwingine, uso kwa uso, akiwa ameketi. Robo saa nzima! Kumbe anaweza.

Sitamuuliza. Nitasubiri aniambie mwenyewe.

Mei 3
Hajasema.

Mei 4
Hajasema. Amenishonea viatu vyangu soli mpya zenye meno, zisiteleze. Kimya kimya, kama mwizi anayerudisha mali.

Mei 6
Hajasema. Mvua haikatiki, mfereji umejaa hadi chini ya daraja.

Mei 9
Nimesahau neno la "kivumishi" mbele ya kidato cha pili. Nililijua, nikaliona umbo lake, likakaa nje ya mlango dakika nzima. Msichana yule wa nyuma akanisaidia kwa sauti ndogo. Sijaanguka. Hajasema.

Mei 12
Nimeanguka. Ngazini. Nilikuwa nafanya nini: nagombana na mume wangu.

Hakuwepo. Alikuwa na mteja wa harusi, akaniomba nimsubiri, nikamwambia nitakwenda peke yangu, nisiwe mzigo wa mtu. Nilitembea tu, sikutamka neno. Ila kichwani nilikuwa nimemsimamisha mbele ya mwalimu mkuu, na nimemkatia hoja ya kwanza, na ya pili, na nilikuwa natafuta neno zuri la kummalizia nilipofika ngazi ya kumi na moja. Ngazi nane za chini yake nilizishuka bila miguu.

Kifundo cha mguu kimeteguka. Miwani imevunjika. Mwanamke muuza mboga alimpigia Redio simu, naye akaja anakimbia na kitambaa cha kunyolea bado kiko begani. Alinibeba mgongoni mpaka juu ya kilima. Nilisikia moyo wake ukigonga kwenye mbavu zangu. Nilikuwa nimeegemeza shavu kwenye shingo yake na nilimtamani kama mtu aliye safarini.

Mei 13
Nimelala. Mvua.

Mei 14
Nimelala. Hajasema.

Mei 26
Naandika polepole ili nisikose hata kitu kimoja.

Leo ilikuwa siku ya picha mpya ya ubongo. Kwa ajili ya kifundo, pale mapokezi waliniketisha kwenye kiti cha magurudumu. Nilikataa. Mhudumu akasema chumba cha picha kiko mbali, kwenye korido ndefu, na hawana nafasi ya kuniokota mara mbili. Msukuma viti alikuwa amekwenda kula. Basi Redio akashika vishikio, na mimi nikakaa nimenuna, mkoba mapajani, nikitazama mbele.

Korido ile ni ndefu kweli, sakafu ya kijani, milango pande zote. Tulipita wa kwanza, tukapita wa pili. Kisha sauti ikaja juu ya kichwa changu.

"Mke alisema amwache hivyohivyo, nusu. Alisema akirudi nyumbani watu watajua wa kumcheka bila kuuliza."

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atanyamaza.

"Jamaa akakubali," akaendelea. "Akavaa kofia, akanipa mkono. Wiki iliyofuata mke akamleta mwenyewe, akasimama mlangoni akisimamia kazi." Na magurudumu yakaenda, na sauti ikaenda, akanipa ya fundi baiskeli na mkwewe, akanipa ya mwenzake wa dukani aliyejinyoa nyusi kwa bahati mbaya. Miezi miwili na nusu ilikuwa imejaa ndani ya mtu yule. Nilicheka mpaka muuguzi akatutazama, na hakuna kilichonipata, kwa sababu nilikuwa nimeketi. Yeye alikuwa anatembea. Macho yake yalikuwa mbele na yangu yalikuwa mbele.

Halafu sauti ikabadilika.

"Mwalimu."

"Nakusikia."

"Mwezi wa nne nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Nilimwomba akutoe darasani."

"Najua."

Magurudumu yalisita, yakaendelea. "Kila simu ikilia dukani nadhani ni shule. Nimemkata mtu sikio."

"Sikio?"

"Ncha tu. Naogopa, mke wangu. Naogopa nitaitwa siku moja nije nikukute..." Hakuimaliza. Nilisikia anavyovuta pumzi kwa pua.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Wapi?" akasema. "Ningekuambia wapi?"

Tulikuwa tumeupita mlango wa chumba cha picha zamani, tuko karibu na chumba cha kufulia mashuka. Nikamwambia darasa langu siliachi, nitafundisha nikiwa nimeketi, watoto watanijia na daftari zao mbele. Nikamwambia atarudi kwa mwalimu mkuu akayafute maneno yake mwenyewe. Akasema atarudi kesho. Nikamwambia bado nina hasira. Akasema hilo analijua, analiona kisogoni. Tukazunguka tena korido nzima kabla ya kuingia.

Ndani ya ile mashine inayogonga huku umeambiwa usitikisike, nililia bila kutikisika.

Mei 27
Amerudi kwa mwalimu mkuu. Aliniambia matokeo kwa maneno manne, mezani. Inatosha kwa leo.

Juni 2
Mvua zimekatika. Nimerudisha kijitabu.

Daktari anasema hakuna doa jipya, ila ya zamani yapo palepale na hayatafutika. Mtaalamu wa viungo akakipitia kijitabu kwa kalamu nyekundu, kama mimi na insha. Akafika Aprili, akafurahi. "Mwezi mzima hukuanguka, mama! Aprili ndio mwezi wako bora kabisa. Tuendelee hivyohivyo."

Mume wangu akatazama sakafu. Nikamwambia yule binti kwamba naomba kiti cha magurudumu.

"Lakini miguu yako bado inatembea. Wanaokihitaji kweli hukikataa."

"Si kwa ajili ya miguu."

Nilimweleza, na kwa kuwa nilikuwa nimeketi nilieleza vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini. Akatoa masharti: nyumbani nitembee, shuleni nitembee, mazoezi kila asubuhi bila kukosa, kiti kiwe cha njiani tu. Nimekubali.

Usiku sikulala mapema. Hakuna aliyeninyang'anya, nimeitoa mwenyewe ile njia, na bado inauma. Sitatembea tena kando yake kutoka langoni. Kiwiko chake hakitanigusa. Nilikuwa na vitu viwili, nikaambiwa nibaki na kimoja, na nimechagua sauti.

Juni 9
Leo ndiyo mara ya kwanza. Kidato cha pili walijipanga langoni wakitazama. Msichana wa nyuma akauliza kama anaweza kujaribu breki. Redio akamruhusu, akamwonyesha na namna ya kukunja.

Tulipita kwa fundi baiskeli, naye akakagua matairi bila kuombwa. Tulipita duka la dawa. Darajani Redio alikuwa kwenye habari ya mteja anayetaka kunyolewa kama picha yake ya miaka thelathini iliyopita, ilhali nywele zenyewe zimekwisha kuhama. Kwa kuwa ngazi hazipitiki kwa magurudumu, tulizunguka barabara ya nyuma, tukakikuta kilima kikiwa kirefu maradufu.

Sauti ikaanza kupungua. Ikawa neno moja moja. Ikawa pumzi tupu.

"Ngoja," akasema. "Siwezi kusukuma na kuongea."

Nilicheka nikashika mikono ya kiti. Naye akacheka, kisha akakohoa, kisha akaegemea vishikio.

"Basi sukuma tu," nikamwambia.

Miaka ishirini na mmoja kwenye njia hii mimi ndiye nimekuwa msikilizaji. Halafu nikaanza. Nikamwambia natamani kutembea kando yake, natamani leo na kesho nitatamani, na sitaki anifariji kwa hilo. Nikamwambia naogopa siku ambayo neno nitakalolitafuta halitakuja kabisa, hata nikiwa nimeketi, hata nikilisubiri. Nikamwambia kwamba Aprili yote nilikuwa na hamu naye kuliko nilivyowahi kuwa na hamu na mtu, na alikuwa ameshika mkono wangu. Redio alisukuma, akahema, na hakunikatiza hata mara moja mpaka mlangoni.